Pipa Moja la Ziada

Meja Karisa Thoya alikuwa na mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki sokoni, aliyoibeba kutoka kwao Mtopanga, pwani, mpaka vitani. Kila asubuhi kabla ya kuruka aliitundika mlangoni mwa helikopta akapima mabegi yetu moja moja. Wenzetu wa bara walimwita mwenye duka. Alicheka nao vizuri tu, lakini begi lililozidi lilibaki chini.

Kambi yetu ilikuwa ng'ambo ya mpaka, vumbi na miiba mitupu. Yeye alikuwa rubani, mimi sajenti, fundi wake na mshika bunduki wa mlangoni. Asubuhi ile tulikunywa chai ya rangi tukibishana viazi vya karai vitamu ni vya wapi, vya kwao Mtopanga au vya kwetu Changamwe. Alikuwa mbishi wa mambo ya chakula, na mimi sikuwa nyuma. Kisha akaniuliza swali lake la kila siku.

"Umetia mafuta kiasi gani, Mwero?"

"Kama kawaida, afande."

Nilimdanganya. Mshale wa mafuta wa tangi la nyuma ulikuwa umekufa tangu wiki iliyopita na kipuri kilikuwa hakijafika, kwa hiyo nilipima kwa kijiti na kumwambia kilichosomeka. Neno langu ndilo lililokuwa mshale wake. Siku tatu kabla ya hapo tulirudi kambini taa ya mafuta ikiwaka nyekundu, nikaapa kwamba sitakufa jangwani kwa kuishiwa mafuta. Asubuhi ile nikaongeza pipa zima. Sikumwambia kwa sababu nilijua atakachosema, maana alishakisema mara mia: pipa moja la ziada ni watu wawili wanaobaki chini.

Saa nne redio ikaita. Gari lililojaa mabomu limeingia lango la kituo chetu kidogo, mwendo wa dakika ishirini kwa ndege, na washambuliaji wako nyuma yake. Tulikuwa angani kabla chai haijapoa.

Moshi tuliuona mbali. Lango halikuwepo tena. Mahali palipokuwa jiko palikuwa na shimo, na pembezoni mwa shimo sufuria na viungo vya watu vimechanganyika, mguu ndani ya buti, mkono ulioshika mwiko. Meja alitua nyuma ya ukuta wa magunia ya mchanga. Risasi zilianza kugonga bati la helikopta kabla magurudumu hayajagusa chini.

Nilipiga bunduki mpaka mkono ukafa ganzi. Mtu mmoja alitoka kwenye moshi akikimbia kutujia, amekumbatia kifurushi kifuani. Nikampiga. Akalipuka hatua kama sitini kutoka tulipo, kokoto zikatunyeshea, na kitu chenye joto kikanipiga shavuni. Nilikipangusa bila kukitazama. Hadi leo sitaki kujua kilikuwa nini.

Majeruhi walikuwa kumi na mmoja. Tuliwapakia juu kwa juu. Mmoja hakuwa na taya na bado alijaribu kusema. Damu ilitiririka sakafuni, nikateleza nikaanguka juu ya mtu aliyepasuka tumbo, akanisukuma kwa heshima kabisa, kama watu wanavyosukumana kwenye foleni.

"Tupa viti," Meja alisema. "Tupa sanduku la vifaa. Na mizani itupe."

Niliitupa mizani. Jua lilikuwa kali na hewa ya joto haibebi ndege sawasawa, naye alikuwa akipiga hesabu midomo ikicheza. Akaitikia kwa kichwa. Hesabu ilikuwa imekubali.

Akainua. Helikopta ikapanda kimo cha mtu, ikatetemeka, ikakaa chini.

Akajaribu tena.

Ikakaa.

"Kuna uzito nisioujua," alisema.

Mimi niliujua. Kuyamwaga mafuta kungechukua robo saa, na robo saa hatukuwa nayo. Lakini ningeweza kusema. Tena ningeweza kushuka. Nilikuwa na kilo sabini na nane, mtu mmoja kamili kati ya wawili. Nilishika bunduki nikajiambia bunduki inanihitaji. Uoga una maneno mazuri sana.

"Washuke wawili," Meja akasema. "Wanaoweza kuketi."

Koplo Mghanga, Mtaita aliyekaa mitaa mitatu kutoka kwetu Changamwe, alikuwa na mguu uliovunjwa na risasi. Aliinua mkono.

"Nishusheni mimi. Nitangoja raundi ya pili."

Wa pili alikuwa askari mgeni ambaye jina lake sikulijua siku hiyo. Mkono wake ulifungwa shati. Alinishika mkanda akalia, hakutaka kushuka.

Nilivibandua vidole vyake kimoja kimoja.

Tukapaa.

Tulirudi baada ya dakika hamsini. Magari ya msaada yalikuwa yamefika punde na washambuliaji wamekimbia. Wale wawili walikuwa palepale ukutani. Mghanga alikuwa amemaliza risasi zake zote, maganda yamemzunguka, na uso wake haukutambulika. Mgeni alikuwa amechinjwa. Tuliwabeba mimi na Meja, yeye kichwani, mimi miguuni.

Safari hiyo helikopta ilipanda kwa wepesi. Meja aliusikia wepesi ule mikononi mwake. Tulipotua kambini alichukua kijiti akakitumbukiza tangini mwenyewe, akaangalia mafuta yaliyosalia, akahesabu safari zetu. Akakipangusa kwa shati lake akanirudishia. Sikuweza kumtazama.

Kwenye ripoti aliandika kwamba rubani alikosea hesabu. Hakuniuliza kitu, nami sikufungua kinywa. Wenzake wakapanda vyeo, yeye akastaafu na kile kile cha umeja.

Alirudi Mtopanga, kwenye vichochoro ambavyo gari haliingii, mahali mgonjwa hubebwa kwa blanketi au kwa mlango uliong'olewa. Akashona machela kwa turubai na mabomba. Akawafundisha majirani kubeba mgonjwa, wabebaji wanne wanne wakienda kwa hatua moja, kufunga jeraha, kumlaza mtu ubavu asipaliwe na matapishi. Hakulipwa na mtu. Wajawazito, wazee waliopooza, vibarua walioanguka kwenye majengo, wote aliwatoa mpaka barabarani. Nilikuwa nikitoka Changamwe na kuvuka kisiwa kilicho katikati kila Jumamosi kwenda kumsaidia. Siku moja tulimwendea bibi mmoja mnene, wabebaji tukiwa watatu tu, nikasema tungoje wa nne.

"Hapa hatungoji raundi ya pili," alisema, akainama akashika mipini miwili ya machela peke yake.

Hilo ndilo neno pekee alilowahi kunitolea juu ya siku ile. Afadhali angenitukana.

Alifariki mwaka huu kwa ugonjwa wa ini. Kanisa la Mtopanga lilijaa mpaka nje, na kamati ya mazishi ikanitaka nizungumze juu ya utumishi wake wa jeshini. Nilikuwa nimeandika karatasi nzuri, yenye ujasiri na uzalendo wote. Nilipofika mbele nikamwona Mama Wakesho, mjane wa Koplo Mghanga, ameketi safu ya pili. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimesikia kwamba kila mwaka Meja alikwenda kwake Changamwe, akamtengenezea bati au mlango, akamwambia, "Mimi ndiye niliyekosea." Mimi ninayekaa mitaa mitatu tu kutoka kwake sikuwahi kwenda.

Karatasi niliirudisha mfukoni. Nikawaambia watu habari ya pipa. Niliwaambia na kilo zangu. Nilipomaliza nilisahau hata kusema amina, nikatoka kwa mlango wa ubavuni.

Mama Wakesho alinifuata nje.

"Yeye alijua?"

"Alijua, mama. Siku ile ile."

Alikuwa amekunja leso yake ndogo, akaikunjua, akaikunja tena.

"Miaka miwili nilimfungia mlango," alisema. "Wa tatu nikamsamehe. Haikuwa kazi nyepesi, Sajenti. Nililia nikaomba, nikafunga kula, nikamsamehe. Kumbe nilimsamehe kosa lako."

"Nisamehe, mama."

"Msamaha nilikuwa nao mmoja, nao unazikwa leo. Wewe nitakutolea wapi mwingine?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza hasa, kama mtu anayetaka kujua. Nilidhani kwa kusema kweli nitatua mzigo. Kumbe nimeutwika kichwani mwake, mwanamke aliyekwisha kuutua wake kwa jasho.

Wabebaji wa machela walikuwa wameshika jeneza mlangoni, watano, upande mmoja umepungua mtu. Mama Wakesho akanionyesha kwa kidevu.

"Nenda ukambebe."

Nikaenda nikaweka bega. Ugonjwa ulikuwa umemla Meja, hakubaki na uzito wa kutaja. Tulikuwa sita na wanne wangetosha, ila hakuna aliyetaka kuachia.