Ua Lililotoka Mwaka wa Sita

Mmea ule nilipewa na mtawa mmoja, muuguzi wa zahanati ya jirani, wiki aliyohamishwa kutoka Mpanda. Ulikuwa kijiti cha kijani chenye majani manne mazito kama ngozi, kimepandwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimeolewa karibuni, nafundisha shule ya msingi.

"Huu unatambaa, lakini usiuharakishe," aliniambia. "Mpe maji udongo ukikauka. Jua kali usimwonyeshe. Wala usimhamishe kopo, anapenda mizizi yake ibanane."

Alikuwa anauzungumzia kama mtu. Nikamwuliza utatoa maua lini, akacheka. "Wangu ulichukua miaka sita."

Niliuweka dirishani sebuleni. Mama mkwe wangu, aliyeishi nasi, hakuuelewa hata kidogo. Alizaliwa upande wa Inyonga, kwa watu wa mizinga, na kwake mmea ulikuwa na kazi: kuni, dawa, au malisho ya nyuki. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini aliniona nikifuta vumbi la barabarani kwenye majani.

"Mwanangu, huo unaliwa?"

"Hauliwi, mama."

"Basi wenyewe ndio unaokula muda wako."

Mwaka wa kwanza ulitoa majani mawili. Wa tatu haukutoa kitu, nikafika mahali pa kuchimbua udongo kwa ukucha nione kama mizizi ipo hai. Ilikuwepo, myeupe, imejikunja kopo zima. Nikaifukia haraka kwa aibu, kama niliyemfunulia mtu shuka. Mwaka wa nne ukachomoza mkia mrefu mtupu, hauna jani hata moja. Mume wangu akaja na wembe.

"Huu umekufa, nauondoa."

"Uache," nilisema, ingawa sikuwa na sababu. Nikauzungushia kwenye nondo za dirisha.

Mwaka wa sita, mvua za kwanza zilipoanza, nikaona vitumba kwenye mkia uleule, vidogo kama vichwa vya njiti za kiberiti. Wiki tatu niliviangalia kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Jioni moja nikarudi, mikono ina chaki, nikakuta vimefunguka.

Sijui niseme nini hata leo. Zilikuwa nyota, kama ishirini hivi, zimekaa pamoja kama mpira mdogo. Kila moja ilikuwa na ncha tano, nyeupe iliyochanganyika na waridi, ina mng'ao wa nta, na ndani yake kulikuwa na nyota nyingine ndogo, nyekundu. Nani alikaa akazipanga vile, ndani ya kile kijiti, miaka yote ile nikiwa nakitilia shaka? Nilimwita mume wangu. Alikuja, akatazama, akavua kofia.

Kisha mama mkwe akauliza kutoka uani, "Nani amefungua asali?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nikamshika mkono, nikamleta dirishani. Akapapasa ua kwa kidole kimoja, polepole, na tone zito likamnata. Akalionja.

"Baba yangu akishuka mtini," alisema, "mikono yake ilikuwa inanukia hivi."

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kututajia baba yake. Jioni ile alikaa chini ya dirisha akatusimulia habari zake, na mume wangu akamsikiliza kama mtoto. Alikuwa hamjui babu yake huyo.

Maua yalipopukutika nilitaka kukata kikonyo kilichobaki. Akanizuia. "Acha. Nyuki akishapajua mahali, hurudi."

Nilikiacha. Mwaka uliofuata macho yake yalikuwa yamezima kabisa. Nilikuwa jikoni napepeta mchele aliponiita kwa sauti ya msichana: "Njoo, yamefunguka tena!" Nikakimbilia sebuleni. Kweli, yalikuwa yametoka palepale, kwenye kikonyo kilekile.