Kukimbia Bila Kufukuzwa

Mtanisamehe mwandiko wangu na maneno nitakayoyaandika vibaya. Niliishia darasa la nane na mkono wangu ni mzito, kwa hivyo mkikuta neno limekosewa, lisomeni vile lilifaa kuwa. Lakini kwa yale ninayoyasema siombi msamaha.

Mwaka jana hifadhi ya wanyama iliyo karibu na nyumbani kwa koko, yaani nyanya yangu, upande wa Kajiado, ilitangaza kazi ya askari wa wanyama. Walitaka vijana, na safari hii wakasema hata wasichana. Hawakuuliza cheti cha sekondari. Ujue kusoma na kuandika, halafu ukimbie barabara ndefu ya murram, ya udongo mwekundu, mbele ya kamati bila kusimama. Niliitaka kazi hiyo kuliko kitu kingine chochote.

Shida ilikuwa pumzi. Watu hufikiri Mmaasai anazaliwa akikimbia. Mimi nilizaliwa mnene, na nikifukuza kuku jikoni nakaa chini. Tena nina haya. Nikiitwa mbele ya watu naangalia viatu.

Wakati huo nilikuwa naishi Kitengela kwa shangazi, nikiosha vyombo katika hoteli ya chapati. Binti yake alikuwa anapokea wageni katika jimu, nyumba ya mazoezi, iliyo juu ya duka la mabati na misumari. Akaniambia, "Kuja saa ya mchana, hakuna mtu. Hutaonekana." Hilo neno la kutoonekana ndilo lilinipeleka.

Mashine ya kukimbia sitaisema vibaya. Ni mkanda mpana unaozunguka, na mbele kuna kitufe cha kuongeza mwendo na cha kupunguza. Nilianza kwa kutembea huku nimeshika vyuma vya pembeni. Siku zilivyoenda nikaachilia mkono mmoja, halafu wa pili. Magoti hayakuuma. Nikichoka nilibonyeza, ikapoa. Feni ilinipuliza, na mbele yangu kulikuwa na ukuta tu. Kwa mtu mwenye haya, ukuta ni rafiki. Baada ya wiki kadhaa kioo cha mashine kikaniambia nimekimbia umbali ule wa kamati. Nilishuka nikifikiri kazi nimeshaipata.

Kwa furaha hiyo nikaomba ruhusa hotelini, nikaenda kwa koko kujaribu barabara yenyewe.

Kwa mashine, ardhi ndiyo inakuja. Wewe unainua miguu tu. Nje ardhi haiji. Ni wewe unaenda. Na nje hakuna kitufe. Nilitoka kama ndama aliyefunguliwa jioni akimbilie mama yake, na kabla sijafika kwenye tangi la maji kifua kilikuwa kinawaka. Upepo ulinisukuma nyuma, vumbi likaingia mdomoni. Lakini nilikataa kusimama.

Sasa, kwetu mtu hakimbii bure. Ukiona mtu anakimbia mbugani, ujue simba ameingia bomani, au ng'ombe wameibwa, au mtoto ameumwa na nyoka. Na ukimwona, wewe pia unakimbia; kuuliza ni baadaye. Ni desturi nzuri, imeokoa watu wengi. Mimi niliisahau kwa sababu ya kuzoea ukuta.

Nilisikia mbwa kwanza, kisha miguu. Vijana wawili waliokuwa wanachunga mbuzi walinifikia, rungu mkononi, na nyuma yao mwanamume kwa pikipiki.

"Wako wapi?" akauliza wa kwanza.

"Akina nani?"

"Wanaokufukuza!"

"Hakuna."

"Ni simba?"

"Hapana. Nafanya mazoezi."

Wakatazamana. Wa pili alikuwa ameshika kiuno, anahema kuliko mimi. "Mazoezi ya kwenda wapi?"

"Kule kwa tangi, halafu narudi nyumbani."

"Yaani unatoka nyumbani ndio ufike nyumbani?"

Yule wa pikipiki akacheka mpaka akazima injini. "Si ungeniita, siz? Ningekufikisha nyumbani hata kabla hujatoka!"

Niliangalia viatu. Nilipofika kwa koko, habari ilikuwa imeshafika kwa simu. Baba mdogo, ndugu ya marehemu baba, alikuwa amesimama mlangoni.

"Umewakimbiza vijana wa watu, mbuzi wakabaki peke yao, wameingia kwenye shamba la nyanya la jirani," akasema. "Rudi Kitengela ukimbilie ndani ya nyumba, huko hakuna wa kumtisha. Ama uwache kabisa."

Koko akauliza, "Hiyo mashine yenu inafika wapi?"

"Haifiki mahali, koko. Unakimbia na unabaki hapo hapo."

"Na watu wanalipa?"

"Wanalipa."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Baba mdogo hakucheka. Alikuwa anangoja niseme ndiyo, kwa sababu maisha yangu yote nimesema ndiyo.

"Baba mdogo," nikasema, "mbio za kazi ziko barabarani. Nitakimbia barabarani."

"Umesikia nilivyosema?"

"Nimesikia."

Jioni nilienda kisimani, mahali wachungaji wote wananywesha mifugo, nikafanya jambo lililo gumu kwangu kuliko mbio. Nilisimama mbele yao nikawaambia: kesho asubuhi na asubuhi zote, mkiniona nakimbia, kaeni na mbuzi wenu. Hakuna kitu.

"Na siku akiwa simba kweli?" akauliza yule wa kushika kiuno.

"Nitapiga nduru."

"Wewe? Utakuwa na pumzi ya nduru?"

Wakacheka wote. Nami nilicheka, lakini kesho yake nilitoka.

Nilijifunza kuanza polepole, pole ya aibu, mpaka punda wenye mitungi wakanipita. Nilikimbia hadi mgunga mmoja, nikatembea hadi mwingine. Nikikutana na mzee nilisimama, nikainamisha kichwa akiguse kama inavyopasa, na kwa kweli nilishukuru kupumzika. Mvua iliponyesha na udongo mweusi ukashika viatu kama ugali, nilirudi Kitengela kwa mashine bila kuona haya. Mashine ilinipa magoti na ujasiri wa kuanza. Kuwa mtu anayeonekana haikuweza kunipa.

Siku ya kamati nilikimbia mbele ya wote, baba mdogo akiwa kando ya barabara, mikono nyuma. Kuna walioanza kama ndama, nikawakuta wamekaa. Sikuwa wa kwanza, wala wa kumi. Lakini sikusimama, na jina langu lilisomwa kati ya waliopita mbio.

Kazi yenyewe bado hawajatuita. Baba mdogo anasema sasa hakuna haja ya kukimbia, ningoje nimetulia. Sitatulia. Wakiita watanikuta nina pumzi. Wasipoita, pumzi ni yangu, na mwaka ujao watatangaza tena.

Wewe unayesoma, na hasa wewe unayeanza na unaogopa macho ya watu, nakuomba uniandikie. Niambie unakimbilia wapi, na wakikuuliza ni nini kinakufukuza, huwa unawajibu nini.