Mji wa Bibi Halina Ulioko Ng'ambo ya Mto

Jikoni kwa Bibi Halina kulikuwa na harufu ya bitiruti zinazochemka kwa siki, na harufu hiyo ilivuka uzio wa mbao ikaingia kwetu kabla hatujamjua mwenyewe. Tulikuwa tumehamia Doonside, magharibi ya Sydney, Australia, mimi na Mama, katika nyumba ndogo ya matofali yenye uwanja wa nyuma mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Nilikuwa na miaka tisa. Tulitoka kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, ambako Mama alikimbilia kutoka Burundi, akanizaa hapo kambini, na ambako Baba aliugua, akafa na kuzikwa kabla zamu yetu ya kusafiri haijafika. Kila alipoinusa ile siki Mama alikunja uso na kufunga dirisha. Ilikuwa Desemba, joto kali, shule zimefungwa, nyenje wanalia mitini tangu asubuhi hadi masikio yanachoka, na dirisha likishafungwa nyumba iligeuka tanuri.

Siku moja Mama alikuwa akianika nguo huku akinigombeza kwa sababu alisema nami kwa Kiswahili nami nikamjibu kwa Kiingereza. Jambo hilo lilimuudhi kuliko vikombe nilivyovunja. Mara sauti nyembamba ikatoka upande wa pili wa uzio: "Mtoto, sikia mama yako." Mama aliangusha shati majanini. Juu ya mbao kulitokea kichwa cha bibi wa Kizungu, nywele nyeupe zimefungwa kitambaa, macho ya buluu yaliyofifia. "Hodi, mama," akasema. "Mimi ilikaa Tengeru, pale Arusha. Zamani sana. Kiswahili yangu ni ya mtoto." Mama aliokota shati, akajibu, "Karibu, Bibi," na tangu siku hiyo dirisha letu halikufungwa tena.

Wakati huo Mama alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, kuogesha na kulisha, na shifti zake zilibadilikabadilika. Bibi Halina, ambaye mumewe alikuwa amekufa na mwanawe mmoja, Marek, aliishi mbali, akasema nishinde kwake. Kwa hiyo likizo ile nzima nilikula supu nyekundu ya bitiruti na kabichi iliyochachuka, nikisikiliza Kiswahili alichojifunza kwa akina mama wa Kimeru waliokuja kuuza ndizi na maziwa kambini miaka mingi kabla Mama yangu hajazaliwa. Maana Bibi naye alikulia kambini. Alikuwa mtoto wa Poland aliyefukuzwa na vita, akapelekwa kwenye baridi ya kaskazini, akapitia Uajemi, akavuka bahari, na hatimaye akaishia katika kibanda cha duara chini ya Mlima Meru. Hapo mama yake alikufa kwa malaria, akazikwa katika makaburi ya Wapoland. Halina alipokuwa msichana mkubwa waliwekwa melini kuja Australia, akapata kazi katika kiwanda kimoja huko Lidcombe. Mama aliposikia habari ya kaburi alikaa kitako jikoni kwa Bibi, akashika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

Lakini Tengeru haikuwa hadithi yake kubwa. Hadithi yake kubwa ilikuwa mji mdogo uitwao Zarzecze, jina ambalo alinifundisha kulitamka mpaka tukacheka wote wawili, na ambalo alisema maana yake ni ng'ambo ya mto. Alinitoa uani, akautandaza mpira wa kumwagilia maua juu ya majani, akaupinda mara mbili, akasema huo ndio mto. Ulitoka kwenye vinamasi upande wa mashariki, ukazunguka mji kama mkono unavyomzunguka mtoto, ukashuka kwenye kinu cha kusagia ngano. Katikati tuliacha nafasi ya mraba, uwanja wa gulio, ambapo mfalme wa zamani aliwapa watu ruhusa ya kuuzia farasi na chumvi kila Alhamisi. Kuzunguka uwanja tuliweka matofali matatu: kanisa la Kikatoliki juu ya kilima kidogo, kanisa la Waorthodoksi chini karibu na daraja, na sinagogi la Wayahudi nyuma ya maduka, karibu na tanuri la mwokaji mikate ambaye binti yake, Rywka, alikuwa rafiki wa Halina wa kushikana mikono. Upande wa magharibi nilichomeka vijiti vingi. Huo ulikuwa msitu wa misonobari, na baba yake Halina alikuwa mlinzi wake. Alinionyesha uyoga unapoota, mahali barafu ya mto inapokuwa nyembamba wakati wa baridi, na pale reli ilipopita bila stesheni, maana mji ulikuwa mdogo mno treni kusimama.

Siku nyingine alinipa historia, huku akimenya viazi. Alisema nchi yake iliwahi kugawanywa na wafalme watatu majirani kama watu wanavyogawana mkate, ikafutwa kabisa kwenye ramani, na babu yake akazaliwa, akaoa na kuzeeka katika nchi isiyokuwapo. Kisha ikarudi. Kisha, alipokuwa mtoto, majeshi mawili yakaingia, moja kutoka machweo na jingine kutoka mawio, na alfajiri moja ya theluji askari wakagonga mlango wa mlinzi wa msitu. "Walisema chukua nguo," alinisimulia. "Mama alichukua mto ya kulalia. Hakujua achukue nini." Waliwapandisha kwenye mabehewa ya ng'ombe, na safari hiyo treni ilisimama Zarzecze. Baba yake Halina walitenganishwa naye njiani na hawakumwona tena. "Sisi tulilia, tukasema hakuna watu wa bahati mbaya kama sisi. Kumbe Rywka alibaki. Hao wa tofali ya tatu, hawakupona." Alimaliza kumenya kiazi kile, akakitia majini. Vita vilipokwisha mpaka ulisogezwa, na mji ukajikuta nchi nyingine ukiwa umekaa palepale.

Nilirudi nyumbani na maswali. Nilimwuliza Mama kwao kulikuwa na mto gani, kilima gani, nani aliishi nyumba ya jirani. Alisema, "Kula kwanza." Nilipomaliza kula nikauliza tena, akaniambia nikaoge. Nilikuwa naujua mji wa Poland mpaka harufu ya kinu chake, lakini juu ya kilima alikozaliwa Mama sikujua hata jina la kijito. Sikumlaumu. Nilidhani tu kwamba labda Burundi haikuwa na hadithi.

Mwisho wa likizo Marek alikuja kukata majani. Alikuwa mtu mpole, mnene, mwenye haraka, aliyezaliwa Sydney, na alipokuwa mdogo alimjibu mama yake kwa Kiingereza mpaka mama akachoka kumsemesha Kipoland. Mimi na Bibi tulikuwa ndani tukikausha vyombo. Akawasha mashine, akakunja mpira wa maji, akayapanga matofali vizuri kando ya uzio, akakata majani yote pamoja na vijiti vyangu. Nilitaka kukimbia nimzuie, lakini Bibi alinishika mkono. Alikuwa amesimama dirishani. "Usitoke," alininong'oneza. "Askari wamekuja." Nilimwambia ni Marek tu. Akanitazama kana kwamba nimemtajia mtu asiyemjua, akafungua kabati, akatoa mto wa kulalia na kuukumbatia.

Marek alipoingia kunywa maji alimkuta mama yake chini ya meza, nami nimekaa pembeni yake. Alipiga magoti pale sakafuni na buti zake zenye majani, akamwita, akamwita tena. Miezi michache baadaye nyumba ilitiwa kibao cha kuuzwa, naye Bibi akapelekwa katika nyumba ya wazee kule Lidcombe.

Mama alisema hatuwezi kukaa bila kwenda kumwona, kwa hiyo Jumapili moja baada ya misa tulipanda treni. Tulimkuta kitini karibu na dirisha, Marek amesimama mlangoni na maua asiyojua ayaweke wapi. Wauguzi walisema Kiingereza kilikuwa kimemtoka chote. Alisema Kipoland, na alipomwona Mama akaanza Kiswahili. "Mama, kaburi ya mama yangu, nani anafagia?" Marek aliniuliza kwa Kiingereza anasema nini, nikamtafsiria. Aliinamisha kichwa. Mama alivuta kiti, akaketi mbele ya Bibi, magoti yao yakagusana.

"Linafagiwa, Bibi," Mama akasema. "Liko kando ya njia ya kwenda bombani, kwenye udongo mwekundu. Tuliweka mawe kulizunguka, tuliyabeba wenyewe. Msalaba ni wa mti, jina limechomwa kwa msumari wa moto. Alizeti zimeota pale zenyewe, hakuna aliyezipanda. Watoto wakipita kuteka maji wanatembea polepole." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayemweleza mgeni njia. Bibi alikuwa amekwisha kuniambia kwamba makaburi ya Tengeru yamejengwa kwa saruji, ndani ya ukuta. Hili halikuwa kaburi la Tengeru. Lilikuwa la Baba, na sikuwa nimewahi kumsikia Mama akilitaja. Bibi alisikiliza, akiitikia kwa kichwa kila neno. "Asante," akasema. "Sasa mimi iko tayari kulala."

Alifariki majira ya baridi. Kwenye mazishi Marek alinisogelea, akaniuliza kama ni kweli mama yake alinifundisha habari za ule mji, nami, mtoto wa miaka kumi, nikamweleza nje ya kanisa mto ulivyopinda na uyoga ulipoota. Alilia bila kujificha. Tangu hapo sijamwona.

Leo nina nyumba yangu na binti yangu, ambaye Mama humsemesha kwa Kiswahili naye humjibu kwa Kiingereza, na siku hizi Mama hamgombezi. Zarzecze nimeutazama kwenye kompyuta, katika picha zile zinazopigwa kutoka angani. Mto umenyooshwa, nyuma ya uwanja, palipokuwa na sinagogi, pako wazi, na jina limeandikwa kwa herufi nyingine. Lakini upo, na kilima kipo, na mtu anayetaka kwenda anaweza kwenda. Kambi yetu ilifungwa tulipokwisha kuondoka. Mwaka jana Mama, ambaye sasa miguu inamsumbua, aliniomba kwa mara ya kwanza nimtafutie kule alikolala Baba. Nilitafuta jioni nzima, yeye ameketi pembeni yangu. Hapakuwa na njia, wala bomba, wala paa hata moja. Nilimwambia ni msitu tu umerudi, Mama, miti peke yake.

Alisogeza miwani, akaangalia ule ukijani.

"Mikubwa?" akauliza.

"Mikubwa."

"Basi ana kivuli," akasema, na akaniomba nizime.