Saba ya Kopa Iliyoliwa na Mbuzi

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Mtanda, Lindi mjini, jioni ya Ramadhani jua likiwa bado linaonekana. Na usiniambie alikuwa shetani, Ramadhani mashetani wamefungwa. Sasa yule bibi alikuwa nani?

Mimi na mume wangu Selemani tulikuwa tumegombana. Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye uji wa futari. Alisema wa mama yake ndio una pilipili manga ya kutosha, nami nikamwambia ahamie kwa mama yake. Neno likazaa neno, mpaka tukawa hatusemeshani, na nikamtaka talaka yangu. Kaka yangu wa Milola alikuwa aje kunichukua kesho yake, na begi langu lilikuwa tayari kando ya mlango. Nilikuwa na hasira, lakini niamini, nikibaki peke yangu nilikuwa nalia.

Kilichoniuma zaidi ni karata. Tangu tuoane, kila baada ya isha tulikuwa tunacheza sisi wawili, anayefungwa anaosha vyombo. Karata zetu zilikuwa pungufu, haikuwemo saba ya kopa. Mbuzi wa jirani alipanda barazani akaitafuna na kuimeza huku tunamtazama. Tulicheka mpaka machozi, tukaendelea kucheza bila hiyo saba, na mbuzi mwenyewe akaja kuchinjwa Idi. Siku za ugomvi karata zilikaa dirishani tu, zinapigwa na vumbi.

Basi jioni ile akabisha hodi bibi mmoja mnene, mcheshi, kajitanda kanga mpya. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akasema anapita tu na anaomba afuturu kwetu. Nani amfukuze mfungaji saa ile? Nikamkaribisha ndani, nikafunga mlango kwa komeo. Akakaa mkekani, akalitazama begi, akatutazama sisi, kisha akaomba zile karata tupotezee muda mpaka adhana.

Akazipanga taratibu, nyeusi, nyekundu, nyeusi, nyekundu. Nilimwona ameanza na nyeusi na amemaliza na nyeusi. Angefanyaje, na nyekundu moja ililiwa na mbuzi?

"Mtazichanganya nyie wenyewe, wanangu," akasema. "Mimi nitazitoa mbili mbili. Kila nyeusi ikitoka na nyekundu yake, huyu binti anakaa. Ikibaki moja haina mwenzake, nenda zako mwanangu, na mume asikuzuie."

Nikakubali haraka. Wewe ungekataa? Nilijua fika kwamba moja itabaki. Selemani naye akaitikia kwa kichwa.

Bibi akamwambia azishushe mkekani moja moja kutoka juu, aishie anapotaka. Akaishia karibu na nusu. Mimi nikayachukua yale mafungu mawili nikaliingiza moja ndani ya jingine, hovyo kabisa, makusudi yavurugike. Bibi akaanza kutoa. Nyeusi na nyekundu. Nyekundu na nyeusi. Nyeusi na nyekundu. Nikasogea karibu nizione vizuri, maana nilizivuruga kwa mikono yangu hii. Lakini nikajipa moyo kwamba ya mwisho itabaki pekee.

Mwisho zikabaki mbili. Akazifunua. Tatu ya shupaza, na pembeni yake saba ya kopa, kona moja ina alama za meno.

Adhana ikasikika. Sisi wote wawili tukakimbilia jikoni kuleta tende na uji, tunagongana mabega, hakuna aliyethubutu kubaki na yule bibi. Kurudi, mkeka mtupu. Komeo lilikuwa pale pale kwa ndani. Tukazihesabu karata, zikawa hamsini na moja. Saba ya kopa haimo.

Kaka alipofika asubuhi alikuta begi limefunguliwa na nguo zimerudi kabatini. Akarudi Milola amenuna.

Idi tukamsimulia shemeji yangu, mdogo wake Selemani, ambaye ni mwalimu wa hesabu. Akatucheka sana. Akasema mchezo ule ni hesabu tupu. Fungu lililoshushwa moja moja linakaa kinyumenyume, kwa hiyo mafungu mawili yanaanza na rangi tofauti, na ukiyaingiza mara moja tu, hata ovyo vipi, kila jozi itatoka nyeusi na nyekundu. Akafanya kwa karata zake, ikawa kweli kila mara. Akafanya kwa zetu, kila mara ikabaki nyeusi moja pekee. Nikamwuliza, haya mwalimu, na ile saba? Akaomba maji ya kunywa.

Siku hiyo hiyo nikamwuliza Selemani kama alikumbuka kuwa karata ni pungufu alipokubali. Akasema alikumbuka.

"Sasa kwa nini ulikubali?"

"Nilikuwa namwomba Mungu ipatikane," akasema.

Nikaenda kuosha vyombo, na haikuwa zamu yangu.

Mpaka leo tunacheza na karata zile zile, hatujanunua nyingine. Kwa hiyo nakuonya, wewe unayesikiliza huku umefungasha begi lako. Ukitaka kweli kuachana na mwenzio, bibi mnene akibisha hodi karibu na magharibi, mpe tende na maji lakini karata zako zifiche. Mimi nilimpa, na mwaka wa ngapi huu bado niko Mtanda, naongeza pilipili manga kwenye uji.