Mgeni wa Nyavuni

Kwetu Newala, siku ya kuwinda kwa nyavu hatumtaji swala kwa jina. Tunamwita mgeni, maana akisikia jina lake hakamatiki. Mjerumani, aliyekuwa amepiga marufuku kuwinda bila kibali chake, alimkuta baba yangu njiani na nyavu begani. Akamuuliza anawinda nini.

“Mgeni,” baba akajibu.

Akachapwa viboko kwa kosa la dharau, kana kwamba amemtaja Mjerumani mwenyewe. Askari wake akaeleza kwamba mgeni ni swala. Mjerumani akajigamba kuwa kwao anaitwa gazeli, jina lililotoka kwa Waarabu.

Baba akajifuta damu. “Hata jina lake mmeazima, halafu mimi ndiye niombe kibali?”

Wakamnyang'anya nyavu. Wajinga wale! Mama alikuwa na nyingine darini. Keshokutwa yake tulimla mgeni.