Agnella na Neno Run

Agnella hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi. Mashine ya kukoboa mpunga ya kikundi chao pale Mchombe aliisimamia yeye, na akisema mchele utatoka leo, unatoka leo. Fundi mgeni kutoka Vietnam alipokuja kufunga mashine mpya, alimwuliza, "You run this mill?"

Agnella akamjibu kwa sauti, kwa Kiingereza chake cha darasa la saba, "No, sir. I walk."

Mgeni akacheka, vibarua wakacheka. Agnella naye akacheka, lakini jioni hiyo hiyo alikuwa kwa Violeth, mtoto wa dada yake, mwalimu wa Kiingereza.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Run si kukimbia?"

"Ni kukimbia. Ila ukiendesha biashara, nayo ni run. Pua ikitiririka, run. Kuwasha mashine, run."

"Neno moja hilo hilo?"

"Kama kupiga kwetu. Unapiga simu, unapiga pasi, na hakuna anayeumia. Angalia limekaa na nini."

Agnella akaanza kulijaribu kwa kila kitu: mto, pikipiki, pua ya mjukuu.

Siku ya majaribio, kipande cha gunia kilinasa ndani ya mashine mpya, ikazimwa. Fundi akaingiza mkono kukichomoa, huku Evaristo, mwendesha mashine, akiwa kwenye swichi upande wa pili, asikouona mkono huo.

"Don't run it!" fundi akapaza sauti.

Evaristo akashangaa. "Ananikataza kukimbia, na mimi nimesimama tu hapa," akasema, kidole kikienda kwenye swichi.

"Usiwashe!" Agnella akaudaka mkono wake. "Mkono wa mtu umo ndani!"

Kisha akaenda mwenyewe kuzima umeme ukutani. Fundi alipoelewa kilichotaka kutokea, alikaa chini juu ya gunia la pumba, jasho likimtoka. Agnella hakumpa pole kwanza.

"Power off first," akamwambia. "Then hand."

"Samahani, mama," fundi akajibu kwa Kiswahili.

Mashine ilikoboa vizuri mchana ule, na mchele ulitoka mweupe, haukukatika.

Jumamosi Violeth alifungua mlango akakuta wanafunzi wawili: mama yake mdogo, na Evaristo aliyevaa shati la kanisani. Siku hiyo walianza na neno take.