Siku Niliyolala Kando ya Majeruhi

Kuna watu Makongeni mpaka leo wakikutana na mimi wananisalimia kwa heshima zote, halafu nikishapita wanashikana mabega wacheke, nami siwalaumu, kwa sababu siku ile kama ningekuwa mtazamaji na si refa, ningecheka mpaka niketi chini. Aibu ni yangu na nimeipokea. Nawasimulia mimi mwenyewe ili msije mkaisikia kwa watu wa Dandora, ambao huongeza chumvi (wanasema nilikoroma, sikukoroma).

Ilikuwa miaka ya tisini, nafanya kazi kiwanda cha sabuni, na wikendi nachezesha mpira wa mitaa. Wiki ya fainali kati ya mitaa ya Makongeni na Dandora, niliamka asubuhi moja nikageuza shingo kutafuta soksi, na nyumba nzima ikazunguka, kitanda kikapita, dirisha likapita, mke wangu Rispa akapita mara mbili. Akanipeleka zahanati. Daktari akachungulia masikio, akasema shida iko ndani ya sikio, itapoa, ila kwa siku chache nitumie dawa ya kutuliza kizunguzungu. Sista wa dirisha la dawa akanieleza polepole, kama mtu ambaye ameshawahi kuongea na wanaume.

"Hii ni antihistamini," akasema. "Ni jamii ya zile wanazomeza watu wanaotapika safarini. Inaleta usingizi. Meza moja, ungoje. Ukiona inachelewa, usiongeze. Usinywe pombe, usiendeshe gari, usikaribie mashine. Kuna dawa nyingine unatumia?"

"Hakuna," nikasema, na siku hiyo ilikuwa kweli.

Mimi sina gari, pombe sijawahi, na mashine za kiwanda Jumapili huwa zimezimwa. Nikaona maagizo yote nimeyatimiza kabla hata sijatoka mlangoni.

Mtu mwenye akili angesema, jamani, fainali atafutwe refa mwingine. Lakini baba mkwe, Mzee Wekesa, alikuwa amekuja kutoka Kakamega kuona binti yake anakaaje. Mzee wa kanisa, kofia, mwavuli hata kama hakuna wingu, mtu ambaye tangu nimuoe Rispa alikuwa hajaamua kama mimi ni mtu wa maana. Rispa alikuwa ameshamwambia kwamba mumewe akipuliza filimbi, Eastlands nzima inasimama. Sasa ningebaki nyumbani nimelala, mzee akae hapo kwenye kochi ananiangalia?

Jumapili nikaamka na homa, mafua yanatiririka. Rispa alikuwa na vidonge vya homa vya dukani, nikameza asubuhi na chai (dawa ya homa mimi nilikuwa naihesabu kama tangawizi, si dawa). Baada ya chakula nikameza ile ya kizunguzungu. Nikafunga kamba za viatu, nikainua kichwa, ukuta bado unatembea. Nikajiambia labda hii moja ni ya watu wadogo. Nikaongeza ya pili.

Na kwa kweli mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Uwanja umejaa, baba mkwe amepewa kiti mstari wa mbele, Rispa kando yake, kizunguzungu hakuna, nakimbia kama kijana. Halafu mdomo ukaanza kukauka. Si ukavu wa kiu, ni ukavu wa mtu aliyelamba unga. Filimbi ikinata kwenye midomo naitoa kwa mkono. Halafu macho. Namba za migongoni zikawa na ukungu, na hivyo ndivyo nilivyomwonyesha golikipa wa Makongeni kadi ya njano kwa rafu iliyochezwa na mshambuliaji wa Dandora upande ule mwingine wa uwanja. Golikipa hakubisha. Aliniangalia tu kwa huruma.

Wakati wa mapumziko Kamau, mshika kibendera wangu, akanijia.

"Refa, uko sawa? Unapiga miayo ukikimbia."

"Ni jua," nikamwambia.

"Jua liko wapi?" Kulikuwa na mawingu.

Kipindi cha pili, winga wa Dandora akagongwa katikati ya uwanja akaanguka. Nikapuliza, nikaenda kumwangalia kama sheria inavyosema. Nikachutama. Nikaweka mkono kwenye nyasi ili nisiyumbe. Nyasi zilikuwa laini na za baridi, na nakumbuka nikiwaza, kwa utulivu kabisa, kwamba kijana huyu nitamsikia vizuri zaidi nikilala hapa karibu naye.

Majeruhi akainuka. Mimi nikabaki.

Haya mengine nimeambiwa. Nimeambiwa watu walifikiri nimekufa, mama mmoja akaanza kulia. Nimeambiwa winga alinitikisa bega akisema, "Niaje refa, mimi nishapona." Ninachokumbuka mwenyewe ni ndoo ya maji ya timu kunimwagikia usoni, nami nikaruka juu, nikapuliza filimbi kwa nguvu zangu zote, nikaelekeza kidole penalti. Ya timu gani, sijui mpaka leo.

Hapo uwanja ukalipuka. "Refa amelewa! Amelewa chakari!" Dandora wanataka penalti, Makongeni wananitaka mimi, vijana wameingia uwanjani kutoka pande zote. Nikajaribu kusema ni dawa, lakini ulimi ulikuwa mzito, na mtu mwenye ulimi mzito anayesema hajalewa, mnajua anavyosikika.

Ndipo nikaona kofia. Mzee Wekesa anakuja kutoka kwenye kiti chake, polepole, mwavuli mkononi, na watu wakampisha. Akasimama mbele yangu.

"Fungua mdomo," akasema.

"Baba..."

"Fungua."

Jamani, kwetu baba mkwe humsogelei, hata kiti alichokalia unakipita kwa heshima, na mimi hapo mbele ya mitaa miwili nikampumulia usoni kama mtoto anayeangaliwa meno. Akanusa. Akanusa tena, asije akakosea haki. Kisha akawageukia watu.

"Pombe hakuna. Huyu ni mgonjwa au ni mjinga. Mimi si daktari."

Hukumu hiyo ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hoja ya kuipinga. Kamau na Rispa wakanishika makwapa wakanipeleka zahanati, na mechi ikarudiwa baadaye na refa mwingine. Sista alikuwa yule yule. Akasoma pakiti ya homa aliyoitoa Rispa kwenye mkoba, akanionyesha jina kwa kidole: ndani yake mlikuwa na antihistamini vilevile. Kwa hiyo nilikuwa nimemeza ile ya homa na mbili za kizunguzungu, zote zikivuta kamba upande mmoja. Akanipima presha, akaniketisha hapo mpaka nikaweza kutaja jina langu bila kufikiri.

Ningependa iishie hapo. Lakini siku ya mzee kurudi Kakamega, aliniita kando. Kumbe yeye kwenye basi hutapika tangu Nakuru, na alikuwa amesikia nina vidonge vya safari vimebaki. Nikajivunia kuwa nimejifunza. "Hapana Baba," nikasema, "dawa yangu sikupi. Twende tukamuulize sista."

Sista akamkaribisha vizuri. Akamuuliza umri, akamuuliza presha, akamuuliza kama amewahi kuambiwa ana presha ya jicho. Halafu akamuuliza, kwa sauti ya kawaida, "Na mkojo, Mzee, unatoka vizuri au unasumbua?"

Mzee Wekesa akaangalia dari. "Barasa," akasema, "hebu katazame kama huko nje kuna gazeti."

"Gazeti halipo, Baba, nimeangalia tukiingia," nikamjibu, nikabaki nimekaa pale pale.

Basi akajibu. Alijibu maswali yote, nami nikiwa kando, na mwisho wake sista akasema kwa tezi dume inayomsumbua vidonge hivyo vinaweza kuufunga mkojo kabisa, asivimeze. Akae kiti cha mbele, ale kidogo, aangalie barabara mbali. Akafika Kakamega salama. Na mimi tangu siku hizo nina viapo vitatu: simezi dawa juu ya nyingine bila kuuliza, ya kwangu simpi mtu, na nikimpeleka baba mkwe hospitali, nasubiri nje.